Kabla hujamvalisha namba: kuandaa faili la mwanariadha mwenye ulemavu wa akili

Msimu wa michezo ukikaribia, wazazi wanaoleta watoto kwenye kitengo chetu cha elimu maalumu hapa Uyole huwa na swali moja: "Mwalimu, huyu anawashinda wote mtaani. Paralimpiki si atafika?" Huwa nawaambia tuanze na karatasi, mbio zitafuata. Kijana mwenye kasi bila faili hatoki Mbeya. Mbaya zaidi, anaweza kutoka, akashinda, halafu wakubwa wakaanza kumtilia shaka hadharani naye hana cha kuwaonyesha.

Kwanza amueni mnaelekea wapi. Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili iliyoanzishwa na Eunice Kennedy Shriver na kufanya michezo yake ya kwanza Chicago mwaka 1968, ipo pia Tanzania. Mtoto anaruhusiwa kushindana kuanzia miaka 8, na wachezaji hupangwa kwa jinsia, umri na uwezo ili wanaokutana uwanjani wawe wanakaribiana. Watoto wengi ninaowafundisha inawafaa hiyo, na sikubaliani na kocha anayeiona kama mashindano ya daraja la chini. Jambo moja tu la kuangalia: usimwambie mtoto avute miguu kwenye mchujo ili apangwe na wanyonge. Ni udanganyifu, na akigundulika anatolewa.

Paralimpiki, michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali, hakuna kupangwa kwa kukaribiana. Wenye ulemavu wa akili wana daraja moja kwa kila mchezo: T20 kwa wakimbiaji na waruka chini, F20 kwa warusha tufe, S14 kwa waogeleaji, daraja la 11 kwa mpira wa meza. Ukishaingia, mwenye kasi ndiye mshindi. Ndiyo maana pa kuingilia panalindwa sana, na kuna kisa kilichosababisha ulinzi huo ambacho kila mzazi anapaswa kukijua.

Kwenye Paralimpiki ya Sydney, mwaka 2000, Hispania ilitwaa dhahabu ya mpira wa kikapu wa watu wenye ulemavu wa akili. Michezo ilipokwisha, mmoja wa wachezaji hao, Carlos Ribagorda, ambaye alikuwa mwandishi wa habari, akaandika kwamba wengi wao hawakuwa na ulemavu wowote. Ikathibitika: kati ya wachezaji 12, 10 walikuwa watu wasio na ulemavu wa akili. Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki ikawafungia nje wanariadha wote wenye ulemavu wa akili, wa nchi zote. Athens 2004 wakakosa. Beijing 2008 wakakosa. Walirudi London 2012, tena kwa michezo mitatu tu: riadha, kuogelea na mpira wa meza. Fikiria kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule wa Sydney, mwenye ulemavu wa kweli, asiye na kosa lolote. Miaka yake bora ya mbio iliishia nje ya geti kwa sababu ya watu wazima waliojaza fomu za uongo. Kila ninapoombwa "kumsaidia kidogo" mtoto mzito wa kusoma aingie kwenye kundi hili, namkumbuka kijana huyo, na nakataa.

Sasa masharti yenyewe. Shirikisho la kimataifa linaloidhinisha wanariadha hawa linaitwa Virtus. Zamani lilijulikana kama INAS. Linadai mambo matatu, na yote matatu lazima yawepo pamoja. IQ, yaani alama ya uwezo wa akili, iwe 75 au chini, kwa kipimo kinachotambulika kimataifa, alichopimwa mtu mmoja mmoja na mwanasaikolojia mwenye sifa. Pawe na upungufu mkubwa katika kumudu maisha ya kila siku: mawasiliano na hesabu, kuishi na watu, kujihudumia. Na hali hiyo iwe ilianza wakati wa ukuaji, kabla ya utu uzima. Aliyeumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda akiwa na miaka 30 hahusiki. Mwenye ugonjwa wa akili bila upungufu huo hahusiki. Na mtu ambaye hakupelekwa shule, akawa hajui kusoma, hahusiki kwa sababu hiyo peke yake. Hili la mwisho nalisisitiza kwa makocha wa vijijini, maana ndilo wanalochanganya zaidi.

Kipengele cha maisha ya kila siku ndicho kinachojazwa vibaya kuliko vyote, na wanaokijaza vibaya ni wazazi wema. Nilikaa na mama mmoja muuza ndizi pale Mwanjelwa tukiandaa maelezo ya binti yake.

"Mama, dukani anatumwa?"

"Anatumwa, mwalimu. Tena vizuri tu."

"Ukimpa shilingi 5,000 anunue chumvi na sabuni, chenji ataijua?"

Akaikunja kanga yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. "Mwenye duka ni shemeji yangu. Mimi naandika kikaratasi, hela naifungia kwenye leso. Chenji anaifunga shemeji."

"Na daladala je?"

"Anapanda na dada yake. Siku moja alipanda peke yake, gari likapita njia nyingine, akakaa mpaka mwisho wa safari. Konda ndiye aliyetupigia simu."

Niliandika vile vile alivyosema: kikaratasi, leso, shemeji, konda. Mama hakuwa mwongo aliposema anatumwa vizuri. Alikuwa anamlindia mwanawe heshima. Lakini anayesoma faili hilo yuko mbali, hamjui binti wala shemeji, na akikuta "anajitegemea dukani" atajiuliza kwa nini tumemleta. Kwa hiyo usiulize "anaweza?" Uliza "anafanyaje, nani yuko pembeni, na mambo yakibadilika ghafla inakuwaje?" Wala usiongeze chumvi upande wa pili. Kama anaosha vyombo, anakamua maziwa na kuwalaza wadogo zake, andika.

Nyaraka zianze kukusanywa mapema, hata mwaka mzima kabla. Cheti cha kuzaliwa cha RITA. Kadi ya kliniki, ile iliyokunjwa kwenye sanduku, kwa sababu ndiyo inayoonyesha mtoto alichelewa kukaa, kutembea na kusema. Kama alizaliwa bila kulia, au alipata malaria ya ubongo, tafuteni karatasi za hospitali za wakati huo. Ripoti za shule za miaka yote, hasa zenye maoni ya walimu kwa maneno, maana alama peke yake hazielezi kitu. Cheti cha daktari cha mstari mmoja, "mtoto ana matatizo ya akili," hakitoshi. Nimeletewa vingi vya namna hiyo na hakuna pa kuvipeleka. Mwanasaikolojia anatakiwa kueleza ametumia kipimo gani, lini, kwa lugha gani, na kila sehemu ya kipimo imetoa alama ngapi. La lugha mlidai wenyewe. Mtoto aliyekulia Rungwe akiongea Kinyakyusa nyumbani, ukimpima kwa Kiingereza atashindwa kwa sababu ya Kiingereza, na matokeo hayo hayamtendei haki yeye wala wapinzani wake.

Usiku wa kuamkia kipimo alale, asubuhi ale. Mweleze yeye mwenyewe, kwa maneno mafupi, anakwenda kufanya nini na kwa nini, kisha umuulize kama anataka. Na ripoti ikitoka isirushwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Ni siri yake.

Virtus wakikubali, bado kuna hatua ya mchezo wenyewe. Mwanariadha hupimwa kwenye kompyuta kumbukumbu, umakini na namna anavyotatua mambo, kisha huangaliwa akishindana. Watu huniuliza akili inahusianaje na miguu. Kamkimbize mwanariadha wako mita 1,500 ukiwa na saa mkononi, uandike muda wa kila mzunguko. Yule binti wa Mwanjelwa mzunguko wa kwanza hutoka kama anafukuzwa na nyuki, wa pili karibu atembee, halafu akiona mtu anampita anafyatuka tena, nguvu zikiwa zimekwisha. Mapafu anayo, amekulia mwinuko huu wetu. Kinachomshinda ni kugawa nguvu. Andikeni nyakati hizo kila wiki na mziweke kwenye faili. Zitawasaidia pia kumfundisha.

Mfumo huu una dosari. Kijana mwenye Down, hali ya kuzaliwa nayo inayogusa akili na mwili, na kijana mwenye IQ ya 74 huwekwa daraja moja Paralimpiki, ingawa moyo na misuli yao havilingani. Virtus kwenye mashindano yake wameweka kundi tofauti linalopokea wenye Down. Naona ndiyo haki, na Paralimpiki wangefanya hivyo.

Jambo la mwisho la kufundisha ni muda. Tokyo, mwaka 2021, Muhammad Ziyad Zolkefli wa Malaysia, bingwa wa Rio 2016, alirusha tufe F20 mbali kuliko wote, kisha matokeo yake yakafutwa kwa sababu alichelewa kuripoti kwenye chumba cha kuitia wanariadha. Dhahabu ikaenda kwa Maksym Koval wa Ukraine. Kusoma saa ni kazi ngumu kwa wanafunzi wetu, kwa hiyo mteueni mtu mzima mmoja, huyo huyo kila mara, na mfanye mazoezi ya mpangilio: choo, sweta, namba, viatu, chumba cha kuitwa. Asubuhi za Juni hapa baridi ni kali na watoto hukataa kuvua sweta. Zoeeni hilo pia.

Wazazi wakishaniuliza hayo yote, huwaonyesha picha ya Deepthi Jeevanji wa India, binti wa vibarua wa mashambani aliyechekwa kijijini kwao. Mei 2024 alikimbia mita 400 za T20 kwa sekunde 55.07 huko Kobe, rekodi ya dunia ya wakati huo, na mwaka huo huo akapata shaba Paris.

Mzazi hatumi maombi Virtus mwenyewe. Yanapitia chama cha taifa kinachotambuliwa nao. Anzeni kwa afisa michezo wa halmashauri, mwombeni kwa barua awaunganishe na Kamati ya Paralimpiki Tanzania, na barua ipigwe muhuri wa kupokelewa. Nakala halisi zibaki kwa mama.