Somo: Kuitunza bustani ya mboga mwisho wa kipupwe, vuli ikiwa njiani

Assalaam alaykum wenzangu wa bustani.

Kipupwe kinamalizika. Alfajiri bado kuna ubaridi, lakini ardhi imekauka na kusi lingali linavuma. Wazee wa Makunduchi na wa Pemba, wanaohesabu miongo ya siku kumi kumi tangu siku ya mwaka, yaani mwaka mpya wa jadi wa Julai, watakwambia tumeingia mwongo wa tano. Yaani mwanzo wa Septemba.

Huu ndio wakati wengi wetu tunaiacha bustani. Tungule (nyanya) za kipupwe zimeshachumwa, bamia zimekuwa ngumu, Pemba watu wako mikarafuuni, na kila unayemuuliza anasema anangoja mvua. Naomba sana tusingoje. Kazi kubwa ya vuli inafanywa sasa, ardhi ikiwa kavu, na mvua ikishaanza huwahi tena.

Kiwanja changu kiko Dole, Unguja, nyuma ya nyumba, hatua 12 kwa 8, udongo wa kinongo mwekundu. Mwenye uwanda wa mawe kule Jambiani au Micheweni atabadilisha baadhi ya mambo. Mengine yamo kwenye maswali huko chini.

HATUA YA 1: Ng'oa vilivyochoka, acha vya mbegu

Mtungule mzee wenye majani ya kahawia huku chini, ukiutikisa nzi weupe wakaruka, ni nyumba ya maradhi kwa miche inayokuja. Ung'oe na mizizi yake, kisha itazame hiyo mizizi. Ukiona imevimba vifundo vifundo kama shanga, hao ni minyoo fundo. Hapo msimu ujao usirudishe tungule, bilingani wala bamia. Tia mahindi, au papumzishe. Mabaki yake yakaushe uyachome, usiyatie kwenye mboji.

Lakini usisafishe kila kitu. Ukavu huu ni mzuri kwa mbegu kuliko wakati wowote ninaoujua. Chagua mbamia mmoja wenye afya, uache bamia tatu zikauke mtini mpaka zianze kupasuka. Bilingani liache lipitilize, lipoteze rangi liwe manjano, ndipo ulikate na kuziosha mbegu zake: zinazozama uzichukue, zinazoelea uzimwage. Mchicha kata kichwa chake, kianike kivulini, ukipukute juu ya sinia. Mbegu za chotara usizirudie, kwa sababu watoto hawafanani na mama yao.

Zote, za kwako na za dukani, zijaribu kwanza. Hesabu mbegu 20, zikunje ndani ya kitambaa kilicholowa, uweke kwenye bakuli lililofunikwa, na kila siku ukinyunyizie kitambaa. Bamia na mchicha zitazame siku ya 6, bilingani na pilipili zipe siku 10 hata 12. Zikiota 16 na zaidi, panda kwa moyo mmoja. Zikiota chini ya 10, tafuta nyengine. Mwaka juzi nilinunua pakiti ya bilingani mjini, tarehe yake haijapita, bei yake kubwa. Zilizoota ni 3 katika 20. Kama nisingezijaribu, ningemwagilia kitalu kitupu wiki tatu.

HATUA YA 2: Zuia upepo kabla hujaongeza maji

Watu hulilaumu jua. Jua la kipupwe si kali. Kinachokausha bustani ni kusi, linapita juu ya majani mchana kutwa likibeba unyevu. Weka kinga ya makuti upande wa kusini na kusini mashariki, urefu wa kiuno, na usiibane sana. Upepo upenye kidogo. Ukiweka ukuta usiopenyeka, upepo hupanda juu yake ukaja kuanguka kwa kishindo upande wa pili, juu ya miche yako.

Kisha ndiyo maji. Milimita 1 ya maji ni lita 1 katika kila mita 1 ya mraba, na mboga iliyokomaa katika kipindi hiki inataka kama milimita 5 kwa siku. Basi kitanda cha mita 1 kwa 5 kinakula lita 25, yaani dumu moja na robo. Mimi kwenye kinongo hutia madumu mawili na nusu siku moja, siku ya pili nikaacha, ili maji yashuke chini na mizizi iyafuate. Mwenye mchanga amwagilie kila siku, kwani kwake maji hayakai. Na iwe asubuhi mapema.

Usihesabu siku peke yake. Chimba kwa kidole mpaka kiishe chote, toa udongo wa hapo chini uubane kiganjani. Ukikaa donge lenye alama za vidole, subiri. Ukimwagika kama unga, umechelewa.

HATUA YA 3: Geuza majaruba kuwa matuta

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopoteza vuli nzima.

Kipupwe tunapanda kwenye majaruba: kitanda kilichozama kidogo, kingo zimeinuliwa, maji yanakaa ndani na upepo unapita juu. Ni sahihi kabisa kwa wakati wa ukavu. Lakini jaruba hilo hilo mvua ya vuli ikilikuta linakuwa beseni. Mwaka mmoja nilikuwa na arusi ya jamaa, nikasema nitayageuza wiki ijayo. Mvua ya kwanza ilikuja usiku, nzito, ya saa moja tu. Asubuhi nilikuta mitungule yangu 40, ina wiki mbili tangu nihamishe, imesimama kwenye maji yanayofika kwenye jani la kwanza. Ilikuwa bado kijani, nikajipa matumaini. Siku ya tatu ikalegea yote huku udongo umelowa, na ndipo nilipofahamu kwamba mizizi nayo inahitaji hewa, ikizama hufa kwa kukosa pumzi. Sikupata hata tungule moja ya kutia kwenye mchuzi.

Kwa hiyo katikati ya Septemba, kabla ya mawingu, fanya hivi. Lima kitanda kwa jembe kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Chini kabisa tandaza makumbi ya nazi, safu moja, tumbo likitazama juu ili yashike maji. Rudisha udongo nusu, changanya samadi iliyooza ndoo mbili za lita 20 kwa kitanda cha mita 1 kwa 5, kisha rudisha udongo wote. Tuta litainuka lenyewe, kama shubiri moja juu ya njia. Njia nazo zipe mteremko kidogo kuelekea pembeni.

Samadi iliyooza ni ile isiyonuka, ukiishika haina joto, na huwezi kujua tena lipi nyasi na lipi kinyesi. Ya kuku usiitie mbichi hata kidogo, inaunguza. Irundike wiki sita au nane, uigeuze mara mbili tatu.

Funika tuta kwa majani ya mgomba au nyasi zisizo na mbegu. Makuti mazima huita mchwa, mimi nimeacha kuyatumia kwenye matuta.

HATUA YA 4: Kitalu

Tungule na bilingani zinakaa kitaluni wiki 4 mpaka 5, pilipili boga wiki 6. Ukisia sasa, miche iko tayari Oktoba. Bamia, kunde na tango hazipendi kuhamishwa, hizo subiri uzipande pale pale.

Udongo wa kitalu uwashie makuti makavu juu yake, uache upoe siku moja, ndipo usawazishe. Nafanya hivyo kwa kitalu tu. Kuchoma shamba zima ni kuichoma mboji yako mwenyewe. Piga mistari umbali wa kiganja, mbegu zikae kina cha sentimita 1, zisibanane. Weka kivuli cha makuti juu, na wiki ya mwisho kipunguze kila siku mpaka miche izoee jua. Ukiihamisha, tungule ipe sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya mche na mche. Fanya jioni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, Jambiani: Shikamoo mama. Huku kwetu makumbi tele, yale tuliyoyazika pwani kwa ajili ya kamba, na mwani unatupwa ufukweni. Naweza kutia vyote?

Marahaba mwanangu. Unaweza, ila si moja kwa moja. Makumbi yaliyozikwa pwani yamelewa chumvi, na mwani vile vile. Vioshe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, au viache nje vinyeshewe mvua kadhaa. Mwani ukishaoshwa utie kwenye mboji pamoja na samadi na majani makavu, una potasiamu nyingi ila fosforasi haba, hautoshi peke yake. Kama una makumbi ya jikoni ambayo hayajaiona bahari, anza na hayo.

Swali, Micheweni: Kisima changu kina chumvi kidogo, maji yake mtu anayanywa kwa shida. Mchicha unaota lakini maharage yananikatalia kabisa, na juu ya udongo pana kitu cheupe.

Hicho cheupe ni chumvi yenyewe, maji yamepanda yakakauka, yakaiacha juu. Maharage na vitunguu ndiyo wepesi wa kudhurika, usijichoshe nayo mpaka mvua iisafishe ardhi. Endelea na mchicha, huo una uvumilivu. Na usinyunyize kidogo kidogo kila siku, kwani hapo unairundika chumvi kwenye mizizi. Tia maji mengi kwa mara chache ili ishuke chini, elekeza kwenye udongo usilowanishe majani, na funika ardhi kwa nyasi. Mvua ya vuli uikinge kwenye pipa. Hayo uyaweke kwa ajili ya kitalu, kwa sababu mche mchanga ndio unaoumia kwanza.

Swali, Makunduchi: Majani mapya ya bilingani yanakuwa manjano, mishipa inabaki kijani. Naongeza majivu kila wiki lakini yanazidi.

Acha majivu leo hii, kaka. Uwanda ni udongo wa mawe ya chokaa, na majivu yanaongeza hali ile ile ya chokaa. Madini ya chuma yamo ardhini, mche unashindwa kuyavuta. Tia mboji na samadi kwa wingi, kwenye mashimo, si kwa kutandaza. Majivu kiganja kimoja kwa mche yanatufaa sisi wa kinongo.

Swali, Mwanakwerekwe: Mimi nasia kwenye ndoo za rangi uani. Miche ya tungule inaota vizuri, siku ya nne tano inalala, shingo imekuwa nyembamba kama uzi.

Huo ni kinyaushi, ukungu wa udongo. Unatokana na maji mengi, miche kubanana na uani kusikopita hewa. Toboa ndoo chini matundu 6 au 8, tumia udongo mpya, sia kwa nafasi, na maji yawe asubuhi tu. Iliyolala haifufuki, itoe pamoja na udongo wake.

Swali, Chake Chake: Ulisema vifundo kwenye mizizi ni minyoo. Nimeng'oa kunde zangu nzuri kabisa, nimekuta vifundo. Nizichome?

Usizichome! Nashukuru umeuliza kabla. Kifundo cha kunde kimeshikizwa ubavuni mwa mzizi. Ukikisugua kwa kidole kinabanduka, ukikipasua ndani kina rangi ya waridi. Hiyo ni mbolea, vijidudu vinavyoikusanyia kunde naitrojeni kutoka hewani. Cha minyoo hakibanduki, ni mzizi wenyewe uliovimba. Kunde zako zikate juu, mizizi iache ardhini, na hapo hapo panda mchicha.

Swali, Wete: Vidukari kwenye bamia, na kunguru wanang'oa miche.

Vidukari: kilo 1 ya majani mabichi ya mwarubaini, yatwange, loweka kwenye lita 5 za maji usiku mmoja, chuja, tia sabuni kidogo. Piga jioni, chini ya majani, kwa sababu jua huivunja nguvu dawa hii. Jaribu kwanza kwenye mche mmoja. Kunguru hawa, walioletwa kwetu mwishoni mwa karne ya 19, wana akili na sanamu wanaizoea siku mbili. Kilichonisaidia ni nyavu chakavu za uvuvi juu ya kitalu, zikivutwa zisilegee.

Swali, Mkoani: Mama, bamia na kunde nizipande kabla ya mvua au nisubiri inyeshe?

Subiri, na usidanganyike na manyunyu ya kwanza, hayo huotesha mbegu kisha yakaziacha. Loweka bamia usiku, na baada ya mvua ya pili au ya tatu chomeka panga kwenye tuta. Likizama kiganja kizima na likitoka na udongo umeganda ubapani, panda siku hiyo hiyo, mbegu mbili kila shimo.