SOMO: Firefox ya simu na ya kompyuta hazisomani? Pitia hapa kabla hujabadili nenosiri

Habari zenu wakuu.

Juzi shemeji yangu alinijia na laptop begani, simu mkononi. Alamisho zake (bookmarks) za miaka mitatu zimejaa kwenye laptop, kwenye simu hamna hata moja, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kusahau nenosiri. Nikamshika mkono. Wengi tunakimbilia hapo, na hapo ndipo vitu vinapopotea.

Sababu ni hii: kivinjari cha Firefox huzifunga data zako zikiwa bado ndani ya kifaa, kwa ufunguo unaotokana na nenosiri lako. Mozilla, watengenezaji wa Firefox, wenyewe hawawezi kuzisoma. Ukiweka nenosiri jipya kwa njia ya kusahau, bila ufunguo wa urejeshaji (msimbo wa akiba unaoutengeneza mapema, angalia Hatua ya 5), kilichopo kwenye seva hakifunguki tena. Laptop ikiwa bado inazo, itazipandisha upya. Kama ulishaipiga Windows mpya, ndiyo zimekwenda.

Hatua ya 1. Bonyeza vistari vitatu kwenye kila kifaa, soma barua pepe ya akaunti herufi kwa herufi. Laptop ya shemeji ilikuwa na Yahoo ya enzi za chuo, simu ina Gmail. Hizo ni akaunti mbili, haziwezi kukutana hata ukae wiki nzima. Tulitoka kwenye ya simu, tukaingia na ile ya Yahoo, kazi ikaisha kwa dakika chache.

Hatua ya 2. Ukiingia kwenye kifaa kipya, Mozilla hutuma ujumbe wa kuthibitisha kwenye barua pepe. Usipothibitisha, hakuna kinachosogea. Angalia na kwenye spam.

Hatua ya 3. Ndani ya mipangilio, sehemu ya Sync, yaani usawazishaji, hakikisha alamisho, historia na manenosiri vimewekewa tiki. Na kama kompyuta yako ina nenosiri kuu linalolinda manenosiri mengine, usawazishaji husimama mpaka uliandike.

Hatua ya 4. Hapa tulieni kidogo, maana malalamiko mengi ninayoyapata yanaishia hapa: alamisho zimefika, ila hujui zilipokaa. Kwenye simu, zile za kompyuta haziji kuchanganyika na za simu. Zina folda yake, Desktop Bookmarks. Kwenye kompyuta nako, za simu zina folda yake, Mobile Bookmarks. Fungua folda hizo kwanza.

Hatua ya 5. Mambo yakikaa sawa, ingia kwenye akaunti yako ya Mozilla utengeneze ufunguo wa urejeshaji. Uandike kwenye karatasi. Tafadhali, usiuhifadhi ndani ya Firefox hiyohiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mwanangu alifuta alamisho kwenye simu, na kwenye kompyuta zikapotea. Si zilikuwa zimehifadhiwa?
Pole sana. Kusawazisha si kuweka akiba. Ukifuta huku, na kule kunafutwa. Ila Firefox ya kompyuta hujitunzia nakala za alamisho za siku zilizopita. Bonyeza Ctrl+Shift+O, nenda Import and Backup, kisha Restore, chagua tarehe ya kabla ya tukio. Nakala hiyo itachukua nafasi ya alamisho zote za sasa, kwa hiyo mpya zitoe kwanza kuwa faili la HTML, palepale.

Simu natumia Chrome, kompyuta Firefox. Nifanyeje?
Hazisawazishani. Unaweza kuhamisha alamisho mara moja, kutoka Chrome ya kompyuta kwenda Firefox, lakini baada ya hapo kila moja inakwenda njia yake. Ushauri wangu, chagua kimoja ukiweke kotekote.

Mimi nipo Linux, Chromium yangu haina tena sync. Nimeharibu nini?
Hujaharibu kitu, ndugu. Chromium ni kivinjari cha msimbo huria ambacho Chrome imejengwa juu yake, na Machi 2021 Google waliifunga huduma yao ya sync kwa vivinjari vya aina hiyo visivyo Chrome yenyewe.

Niliingia akaunti yangu kwenye kompyuta ya intaneti kafe nikasahau kutoka. Naogopa.
Una haki ya kuogopa, dada. Ingia kwenye akaunti ukiwa nyumbani, fungua orodha ya vifaa, kiondoe kile. Lakini kukiondoa hakufuti kilichokwisha kushuka kwenye kompyuta ile. Kwa hiyo leo hii badili nenosiri la barua pepe, la benki na la akaunti yenyewe. La akaunti libadili kwa kuandika lile la zamani, si kwa njia ya kusahau.