Rimu Mpya? Anza na Bolti

Nairobi imejaa magari ya Kijapani, ndiyo maana mafundi wengi mkono wao umezoea stadi (vyuma vyenye uzi vilivyotokeza kwenye gari) na nati. Kwenye Volkswagen, Audi, BMW au Mercedes habari ni nyingine: bolti yenyewe hupenya rimu na kuingia kwenye habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu. Ukinunua rimu za kampuni nyingine, usidhani bolti za zamani zitafaa. Nenda kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road na rimu moja pamoja na bolti moja ya gari lako. Kukadiria kwa macho hakutoshi.

Uzi ndio wa kwanza. Golf za miaka mingi sasa hutumia M14x1.5 (unene wa milimita 14, na milimita 1.5 kutoka uzi hadi uzi), BMW za zamani M12x1.5 na nyingi za karibuni M14x1.25. Hizo za M14 zinafanana sana mkononi, ila nyuzi zake hazilingani. Ingiza bolti kwa vidole. Ikigoma baada ya mizunguko miwili mitatu, itoe, na usimruhusu mtu ailazimishe kwa mashine ya upepo, maana kitakachoharibika ni habu.

Panaposahaulika zaidi ni bega la bolti, pale inapokalia rimu. Volkswagen na Audi hutoka kiwandani na bega la mviringo, mfano wa nusu gololi. Rimu nyingi za kununua zinataka koni ya digrii 60. Ukichanganya, bolti itakaza vizuri tu na fundi atasema iko sawa, kumbe imegusa rimu kwenye mstari mwembamba, na baada ya muda inalegea. Paka bega wino wa kalamu ya maka, kaza kidogo, kisha fungua uangalie. Wino uwe umekwaruzika bega zima. Ukiona alama ya duara jembamba peke yake, rudisha dukani.

Urefu haujumuishi kichwa. Pima kuanzia chini ya bega. Kwa M14x1.5 hesabu angalau mizunguko saba na nusu kabla ya kukaza, kwa M12x1.5 sita na nusu. Ukiweka spesa (bamba la kusogeza rimu nje) ya milimita 15, ongeza milimita 15 hizo hizo. Ndefu kupita kiasi nayo ni hatari: ncha inaweza kugonga breki ya mkono au sehemu za ABS kwa nyuma. Zungusha gurudumu kwa mkono usikilize.

Grisi usipake. Kaza kwa spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, 120 Nm kwa Golf za M14, 140 kwa BMW za M14, kisha urudie baada ya kilomita 50 hadi 100. Safari ya Thika kwenda na kurudi inatosha.

Bolti za zamani usiuze. Tairi la akiba bado lina rimu ya kiwandani, na ukipata pancha usiku hizo mpya hazitalifaa. Zifunge kwenye mfuko, uziweke kwenye buti pamoja na jeki.