Kadi ya michoro kwa kompyuta ndogo ya ofisi
Ukitaka kuchezea gemu kwenye kompyuta ya mtumba kama Dell OptiPlex SFF (yenye kasha dogo), jua kwamba kwa kawaida pawa saplai yake haina waya wa kulisha kadi ya michoro. Kadi itategemea umeme wa sloti ya PCIe (nafasi ya kuchomekea kadi kwenye ubao mama) peke yake, na mwisho wake ni wati 75. Kadi ya GTX 1650 yenye kibati kifupi (kinachoingia kwenye kasha dogo) inatosha, ila kagua ukingo wake kwanza: ikiwa na tundu la umeme la pini 6, iache. Kadi ya RX 6400 inakula wati 53 tu, lakini inatumia njia 4 tu za data za PCIe. Kwenye mashine ya PCIe 3.0 (toleo la zamani) fremu za gemu hushuka, hasa memori yake ya GB 4 ikijaa. Kadi ya GT 1030 ya DDR4 (memori ya polepole) usiiguse, hata kwa bei ya kutupa.