Metformini, ganzi ya nyayo na vitamini B12
Mzee mwenye kisukari aliyemeza metformini zaidi ya miaka 4, hasa miligramu 2,000 kwa siku, apimwe kiwango cha vitamini B12 kwenye damu. Dawa hiyo hupunguza ufyonzwaji wa vitamini hiyo utumboni, na akiba iliyo kwenye ini huficha upungufu kwa muda mrefu. Akinywa na omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) kila siku, hatari huongezeka: asidi ya tumbo ndiyo huibandua B12 kutoka kwenye nyama na mayai. Ganzi ya nyayo na kuyumbayumba kunakoletwa na upungufu huo husingiziwa sukari tu. Asikimbilie vidonge vya foliki (vile vya wajawazito) kabla ya kipimo. Vidonge hivyo huongeza damu huku neva (mishipa ya fahamu) zikizidi kuharibika kwa kukosa B12. Metformini asiiache mwenyewe: B12 hurudishwa kwa sindano au vidonge.