Namna ya Kufunga Karakana ya Redio ya Ridhaa na Kuuza Vipuri Vyake

Mwanaredio wa ridhaa anayeamua kuacha kujiundia vifaa huwa na sababu zake: macho hayasomi tena maandishi yaliyochapwa juu ya transista ndogo, chumba kinahitajika kwa kazi nyingine, au muda uliobaki anataka kuutumia kuzungumza hewani badala ya kuinamia meza ya kusolda. Sababu yoyote iwayo, vipuri alivyokusanya kwa miaka mingi vina thamani, na thamani hiyo inategemea zaidi uhakika wa kinachouzwa kuliko uzuri wa kipuri chenyewe. Kapasita ya kuzungusha iliyopimwa na kuandikwa kipimo chake hupata mnunuzi, lakini ikitupwa ndani ya boksi pamoja na mamia ya vitu visivyo na majina, itaishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu anayepima kwa kilo. Kwa hiyo kazi kubwa katika mwongozo huu ni kutambua, kupima na kuandika. Kuuza kwenyewe huja baadaye na huwa kwepesi.

Amua kwanza unachokiacha

Kuacha kuunda si kuacha redio. Kabla ya kugusa droo hata moja, weka kando vitu utakavyovihitaji ili uendelee kurusha na kupokea: multimita moja nzuri, chuma cha kusolda na risasi yake, mita ya kupimia mawimbi yanayorudi kutoka kwenye antena, mzigo bandia wa omu 50 unaoshika nafasi ya antena wakati wa majaribio, fyuzi, viunganishi kadhaa vya PL-259 na mita chache za kebo. Anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja asidharau jambo hili, kwa kuwa hewa ya chumvi hula viungo vya antena mwaka hadi mwaka, na mtu aliyeuza kila kitu hujikuta akimwita fundi kwa kazi ambayo angeimaliza mwenyewe kwa dakika chache.

Kisha angalia miradi uliyoiacha njiani. Mradi wenye mchoro wake, maelezo yako na vipuri vyote vilivyobaki uuzwe mzima, kwa sababu mwanaredio mwingine anaweza kuukamilisha. Mradi usio na mchoro, hata kama bodi yake imesoldwa vizuri, uvunjwe na kurudishwa kwenye vipuri, kwani hakuna atakayelipia kitendawili. Tunza michoro na madaftari yote hadi mwisho wa mauzo, maana kurasa hizo ndizo zitakazokuambia koili fulani ilizungushiwa waya mara ngapi na kristali fulani, vile vipuri vya kushika masafa, zilipangwa kwa ajili ya nini.

Vifaa vinavyorusha mawimbi vina sharti lake. Leseni ndiyo inayomruhusu mtu kurusha kwenye masafa ya redio ya ridhaa, na ruhusa hiyo haihamii kwa mnunuzi pamoja na chombo. Kabla ya kumkabidhi mtu transmita au amplifaya ya masafa ya redio, mwombe akuonyeshe leseni na alama yake ya wito, ile inayoanza na 5Z nchini Kenya, 5H Tanzania au 5X Uganda, kisha uhifadhi kumbukumbu ya mauziano hayo kwa maandishi. Ukiwa na shaka juu ya chombo fulani, waulize wasimamizi wa mawasiliano wa nchi uliyomo: Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, TCRA ya Tanzania au UCC ya Uganda. Mnunuzi asiye na leseni anaweza kuuziwa kipokezi, vifaa vya kupimia na vipuri, lakini transmita nzima imsubiri mwenye haki nayo.

Ondoa hatari kabla ya kupanga

Hatua hii isirukwe hata na mzoefu. Amplifaya ya vali, yaani zile taa za kioo au kauri zilizotangulia transista, mara nyingi hutumia umeme wa volti 2,000 hadi 3,000, na kapasita zake zinaweza kubaki na chaji muda mrefu baada ya waya wa umeme kuchomolewa ukutani. Kapasita ya mikrofaradi 20 iliyojazwa hadi volti 2,500 ina nishati ya takribani jouli 62, nayo inatosha kuua. Usiimalize chaji hiyo kwa kugusanisha ncha kwa bisibisi, kwa sababu cheche yake huyeyusha chuma na inaweza kuharibu kapasita yenyewe. Unganisha rezista kumi za kiloomu 10 na wati 2 zikifuatana mfululizo, uzifunge kwenye ncha ya fimbo kavu isiyopitisha umeme, kisha uziguse kwenye ncha za kapasita kwa sekunde zisizopungua kumi. Kwa mfano niliotoa, volti zitakuwa zimeshuka chini ya 20. Pima kwa mita inayohimili volti hizo, na ukishahakikisha, funga waya mtupu kati ya ncha zake na uuache hapo hadi mnunuzi atakapoifungua. Waya huo una sababu: kapasita kubwa iliyomalizwa chaji hujirudishia sehemu ya volti zake yenyewe ikiachwa wazi, na kijana wa kubeba mizigo hawezi kulijua hilo.

Vipo pia vitu ambavyo hatari yake haionekani. Baadhi ya vali na transista za nguvu za masafa ya redio, pamoja na vipitisha joto vilivyotumika na vali kama 8873, vina kauri ya oksidi ya beriliamu. Ikiwa nzima haina tatizo, lakini ikipasuliwa au kusagwa, vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu usioponyeka. Usiipige msasa, usiivunje, na mwambie mnunuzi ni kitu gani. Kapasita na transfoma za zamani zenye mafuta huenda zina kemikali za sumu ziitwazo PCB, ambazo Marekani ilipiga marufuku kuzitengeneza mwaka 1979. Ikivuja usiishike kwa mikono mitupu wala usimpe mtu wa vyuma chakavu, kwa sababu ataichoma moto karibu na makazi ya watu. Mita za kijeshi za wakati wa Vita Kuu ya Pili zenye rangi ing'aayo gizani mara nyingi zilipakwa radiamu, na hata zikiwa zimeacha kung'aa bado zinatoa mionzi. Kioo chake kisifunguliwe. Vitu visivyouzika vya aina hii vipelekwe kwa wanaoshughulikia taka za kielektroniki, kama WEEE Centre jijini Nairobi, baada ya kuwaeleza mapema unachokileta ili wakuambie kama wanakipokea.

Kutambua na kupima

Anza na kapasita za kuzungusha zenye mabamba ya hewa, kwa kuwa hivi leo ni adimu na wanaotengeneza vioanishi vya antena huzitafuta sana. Ipulize vumbi, unganisha multimita ikiwa kwenye omu, kisha uzungushe mhimili polepole kutoka mwanzo hadi mwisho huku ukitazama mita. Ikishtuka mahali fulani, bamba moja limepinda na linagusa jirani yake. Andika kipimo cha chini na cha juu kwa pikofaradi. Wakati wa kuifunga kwa safari, mabamba yawe yameingia ndani kabisa, yasije yakapindwa na kitu kingine.

Toroidi, yaani pete za kuzungushia waya wa koili, ndizo zinazowachanganya wengi. Zile za unga wa chuma hujulikana kwa rangi: nyekundu ni aina ya 2, njano ni aina ya 6, na namba iliyo baada ya herufi T ni kipenyo cha nje kwa sehemu ya mia ya inchi, hivyo T50 ina upana wa milimita 12.7. Za feraiti, kinyume chake, nyingi ni za kijivu tupu na hazitofautiani kwa macho hata kidogo, ilhali aina ya 43 na ya 61 hufanya kazi tofauti kabisa. Dawa yake ni kuzungushia waya mara kumi, kuhesabu kila mara waya unapopita ndani ya tundu, na kupima indaktansi. T50-2 (namba ya mwisho ni aina, na FT ni feraiti) itakupa karibu mikrohenri 0.5, FT50-61 itakupa karibu 7, FT50-43 itapanda hadi arobaini na kitu au zaidi. Zitenge kwa vifuko, andika aina na kipimo ulichokipata, na utakuwa umegeuza konzi moja ya pete zisizo na jina kuwa bidhaa inayoweza kutumwa popote duniani.

Kristali zipangwe kwa uangalifu zaidi. Kama uliwahi kukaa na kaunta ya masafa ukachagua kristali zinazokaribiana kwa makumi ya hezi ili utengeneze kichujio, usizitenganishe, kwani seti iliyolinganishwa ina thamani kubwa kuliko jumla ya kristali zenyewe. Hata zile za megahezi 4.433 zilizotolewa kwenye televisheni kuukuu za mfumo wa rangi wa PAL, ambazo zimejaa kwenye vibanda vya mafundi wetu, hufaa sana kwa vichujio hivyo. Kristali za megahezi 10 na 12 nazo zina wateja kwa sababu zilitumika katika BITX na uBITX, transiva (transmita na kipokezi ndani ya chombo kimoja) ambazo Ashhar Farhan wa India alizisanifu ziundwe kwa vipuri vya bei ndogo.

Kwa transista, andika maandishi yote ya mgongoni jinsi yalivyo na upige picha kwa karibu. Transista za nguvu kama 2SC1969 zimeghushiwa sana, kwa hiyo mnunuzi mwenye akili atataka kujua ulizipata wapi na lini. Risiti ya zamani au kifungashio cha awali huongeza bei kwa haki. Transista za jeremani, yaani germanium, zisiuzwe ovyo: AC128 na OC44 hutafutwa na watengenezaji wa vifaa vya sauti za gitaa, nao hulipa kuliko wanaredio. AF117 na ndugu zake zina ugonjwa unaojulikana, ambapo nyuzi nyembamba za bati humea ndani ya kopo na kugusanisha ganda na miguu ya transista. Pima kati ya mguu wa ganda na mingine mitatu kabla ya kusema ni nzima. Transista za MOSFET, ambazo huharibiwa na umeme tuli, zichomekwe kwenye sponji nyeusi inayopitisha umeme au zifungwe kwa karatasi ya alumini, wala zisiwekwe kwenye mfuko wa kawaida wa plastiki.

Vali itazame kwanza kwa macho. Doa la ndani ya kioo linalong'aa kama fedha likiwa limegeuka jeupe, hewa imeingia na vali hiyo imekufa. Likiwa bado linang'aa, pima kama waya wa kupasha joto haujakatika, na useme wazi kwamba hukuipima zaidi ya hapo ikiwa ndivyo ilivyo. Vali ya 3-500Z haina doa hilo, maana kazi ya doa, kufyonza mabaki ya hewa, hufanywa na anodi yake, kwa hiyo kukosekana kwa doa kusikutishe.

Rezista na kapasita ndogo za kawaida usizihesabu. Kazi ya kuzipima moja moja inazidi bei yake, na heshima yake ni kugawiwa kwa chuo cha ufundi. Kapasita za elektroliti zilizokaa miaka ishirini zisiuzwe kama mpya hata kama hazijawahi kutumika. Andika mwaka kama umechapwa, na zilizovimba zitupwe panapostahili.

Bei na wanunuzi

Anza na bei ya kipuri kipya pamoja na gharama ya kukisafirisha hadi kwako, kisha shuka. Kwa maoni yangu, kilichopimwa kinastahili kama nusu ya bei hiyo, na ambacho hakikupimwa robo au pungufu. Adimu ambazo hazitengenezwi tena hazifuati hesabu hii. Hizo waonyeshe wanunuzi kadhaa kabla ya kukubali bei ya kwanza.

Kila kitu kina soko lake. Mafundi wa Luthuli Avenue jijini Nairobi au wa Kariakoo jijini Dar es Salaam watanunua transfoma, vipooza joto na transista za sauti, lakini toroidi na kristali hawana kazi nazo, na ukiwapelekea watakupa bei ya kukuondoa. Vipuri vya masafa ya redio vitangazwe kwanza kwa wanachama wa chama chako cha wanaredio, kisha nje ya nchi. Usimruhusu mnunuzi wa kwanza kuchagua vinono na kukuachia makapi: uza adimu moja moja, vingine vyote uvifunge kwa mafungu yenye maana, kwa mfano fungu moja lenye kila kinachohitajika kuunda kipokezi cha megahezi 7 pamoja na mchoro wake. Napendelea njia hii kuliko zote, hata ikileta fedha kidogo, kwa sababu vijana wengi wanaoanza hushindwa kwa kukosa kipuri kimoja cha shilingi chache ambacho hakipatikani dukani.

Hakikisha malipo yameingia kwenye simu yako mwenyewe, na usitegemee ujumbe wanaokuonyesha, kabla ya kupeleka mzigo stendi ya mabasi. Transfoma nzito ifungwe peke yake kwenye boksi la mbao, kwani ikiwekwa na vali itazisaga zote kabla ya kufika Kisumu. Betri za lithiamu usizitume kwa ndege bila kuuliza masharti ya msafirishaji, na mzigo wa nje ya nchi uandikwe kwa ukweli kwenye fomu ya forodha.

Kabati la droo ndogo liuzwe mwisho kabisa. Likiondoka mapema, vipuri vyote ulivyovipanga vitarudi kwenye maboksi na lebo zitapotea. Likibaki hadi droo ya mwisho itakapokuwa tupu, nalo litapata mteja siku hiyo hiyo, kwa kuwa kila anayeanza kuunda huhitaji mahali pa kuweka vitu vyake.