Msambazaji akisema kabadilisha akaunti ya benki, mpigie kwanza

Wenye maduka mnaoagiza mzigo Guangzhou au Dubai, hii inawahusu. Ikija barua pepe yenye ankara ya kawaida kabisa, ila chini imeandikwa "akaunti yetu inakaguliwa, lipia kwenye hii mpya", usitume hata senti. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo kwenye ujumbe huo. Hiyo atapokea tapeli mwenyewe, tena kwa heshima zote.

Anwani nayo isome herufi kwa herufi: r na n zikikaa pamoja kwenye kioo cha simu zinaonekana kama m. Lakini usiishie hapo. Mara nyingine ujumbe unatoka kwenye anwani halali kabisa, kwa sababu barua pepe ya mmoja wenu, wewe au msambazaji, imeshadukuliwa. Kama unatumia Gmail, ifungue kwa kompyuta, ingia kwenye mipangilio, uangalie sehemu ya vichujio (filters, yaani amri za kupanga barua zenyewe) na ya kusambaza barua kwenda anwani nyingine. Wezi hupenda kuacha hapo amri ya kuficha majibu ya msambazaji. Ukikuta usichokiweka wewe, kifute, badilisha nenosiri, kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuthibitisha mara ya pili baada ya nenosiri.

Hela ikiwa imeshatoka, pigia benki saa hiyo hiyo.